Ombi la Kusitisha Bango la Gasketi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Pokea salamu za heshima kutoka kiti cha mbele, upande wa abiria.

Kwanza nijieleze, kwa sababu hatujuani, na mimi si mwepesi wa kujuana na watu. Nina miaka kumi na sita. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na ninaweza kunyamaza kwa ufasaha katika zote mbili. Mwalimu wangu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu "Mtulivu", muhula uliofuata akaandika "Mtulivu mno", na muhula uliopita alimuuliza kiranja kama nimehama shule. Kwa hiyo mkiona mtu kama mimi ameshika kalamu kuwaandikia watu wa gazeti, tena kwa malalamiko, mjue mambo yamefika shingoni.

Jumamosi iliyopita mlitangaza kwamba toleo la Jumamosi ijayo litakuwa na bango kubwa la kubandika ukutani, lenye kanuni zote za kuzuia gasketi ya silinda hedi isiungue katika magari ya zamani, zile alizoziandika fundi wenu miezi mitatu iliyopita. Naomba, kwa unyenyekevu na kwa haraka, bango hilo lisichapishwe. Mkiweza kuzima mitambo hata sasa hivi mnaposoma, nitashukuru.

Kwa ajili ya msomaji asiye na gari la zamani (hongera zake), gasketi ni kile kibati chembamba kinachobanwa kati ya injini na kichwa chake, hiyo silinda hedi. Kazi yake ni kuhakikisha moto, maji na oili vinakaa kila kimoja chumbani kwake. Ikiungua, vitatu hivyo vinaanza kutembeleana, na gari linakwisha safari.

Gari letu tunaliita Shangazi, kwa sababu rafiki yake Baba alimwacha uani kwetu "kwa wiki mbili tu" kabla mimi sijazaliwa, na bado yupo. Ana umri mkubwa kuliko Mama, jambo ambalo Mama anapenda sana litajwe. Gasketi yake imeungua mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tunakwenda harusini, tukafika viti vinakunjwa. Mara ya pili tulikuwa tunamtoa Bibi hospitali baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, na Bibi akashuka akasukuma. Siku hiyo hiyo Mama alitoa hukumu, mikono kiunoni, majirani wakisikia: "Mume wangu, nakupenda, lakini ikiungua mara ya tatu huyu Shangazi yenu anaondoka na mtu wa vyuma chakavu, na geti nitalifungua mimi mwenyewe."

Baba ni fundi saa. Anashinda na kioo jichoni, amezungukwa na vitu vinavyosema tik, tik, na nadhani amejifunza kwao kutoa neno moja moja. Aliondoka, akarudi na gazeti lenu. Tangu siku hiyo gasketi haijaungua, na sisi hatujapumzika. Malalamiko yangu ni haya.

Lalamiko la kwanza. Fundi wenu aliandika kwamba injini ya zamani isikimbizwe ikiwa bado baridi, ipewe dakika chache ipate joto taratibu. Mhariri, fundi saa haambiwi "chache". Baba alikaa uani na saa nne tofauti kwa siku tatu, akapata dakika kumi na mbili na sekunde arobaini. Mama ni mkunga. Kila asubuhi alikuwa anakaa kiti cha nyuma, mkoba wake magotini, Shangazi akinguruma pale pale, haendi mbele wala harudi nyuma. Wiki ya kwanza alisema, "Mume wangu, mtoto hasubiri injini ipate joto." Wiki ya pili alifika wodini akakuta mtoto keshazaliwa, keshaoshwa, na ni kama mtoto ndiye aliyempokea Mama. Sasa Mama anakwenda kwa miguu. Akishafika anatupigia simu kutuuliza kama tumeshatoka getini. Anajua hatujatoka. Anapiga kwa raha zake tu.

Lalamiko la pili. Mliandika kwamba maji ya rejeta yakaguliwe kila asubuhi, na kwamba maji baridi yasimiminwe kamwe kwenye injini ya moto, kwa sababu hedi itapinda. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba hamkuandika "kwa magari peke yake". Bibi akitoka juani, uso unawaka, akiomba maji ya baridi, Baba anamwambia, "Mama, kaa kwanza upoe." Anampa nusu saa kwa kivuli, kisha anamletea maji vuguvugu, kidogo kidogo, akimtazama mashavuni. Bibi amemwambia, "Mwanangu, mimi nilikuzaa, sikukufunga kwa spana." Haikusaidia. Siku hizi Bibi ana chupa yake ya maji kwenye friji ya jirani, na anakwenda kuinywa huko kama mtu mwenye siri.

Lalamiko la tatu linahusu bolti. Fundi wenu alieleza vizuri sana, nakiri, jinsi bolti za hedi zinavyotakiwa kukazwa: kuanzia katikati kwenda nje, kwa kukingama, tena kwa awamu tatu, ili mbano ulingane kila upande. Baba alizikaza za Shangazi zikaisha. Mikono bado ilikuwa inawasha. Akakaza vitanda. Akakaza vifuniko vya mitungi, na mpaka leo sukari hatujaifikia. Sasa yuko mezani. Tuko watu wanne. Anaanza na Bibi, aliye katikati, anampakulia theluthi. Kutoka hapo anaruka kwangu kwenye kona, theluthi, anakingama kwa Mama, theluthi, anajiwekea. Kisha awamu ya pili. Kisha ya tatu. Hairuhusiwi kugusa kijiko kabla ya awamu ya tatu, meza isije ikapinda. Mama alimuuliza, "Na mchuzi nao una spana yake?" Alikuwa anamtania. Baba aliweka mwiko chini akafikiri.

Lalamiko la nne ni la kanuni mbili kwa pamoja, kwa hiyo hesabu yangu na yenu zitapishana hapa, mnivumilie. Mlisema oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mkasema tena moshi mweupe usiokatika ni dalili ya hatari. Matokeo yake ni kwamba nyumbani kwetu chai ya maziwa hainyweki mbele ya Baba. Anaitazama kikombeni, rangi inamtoka. Na juzi Bibi alikuwa anaoga maji ya moto, mvuke ukatoka kwenye kidirisha cha bafu. Baba, aliyekuwa uani, akakimbia akigonga ukuta na kupiga kelele, "Zima! Zima haraka!" Bibi akamjibu kutoka ndani, povu likiwa masikioni, kwa maneno ambayo mimi nayajua katika lugha moja tu.

Lalamiko la tano. Hita. Fundi wenu anasema joto la injini likipanda, dereva awashe hita ya ndani ya gari, maana inasaidia kuvuta joto kutoka kwenye injini. Ni kweli, inavuta. Inalivuta lote, inanipa mimi. Baba hasubiri lipande. Anawasha tangu getini, mpaka mwisho, na madirisha yote manne tunayashusha ili tusife. Naondoka nyumbani nimepiga pasi, nafika shule nimeiva. Mlinzi wa geti la shule aliniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu tunaishi karibu na bwawa.

Nimefika kwenye lalamiko la sita, ambalo ni kanuni ya saba, na hapa nitaomba mkae chini.

Kanuni ya saba inasema kwamba abiria wa mbele aisome geji ya joto kwa sauti katika kila makutano, ili dereva asiondoe macho barabarani. Sijui ni mtu wa aina gani aliyefikiria jambo kama hili. Geji ya zamani ya Shangazi ilikufa, Baba akafunga nyingine, ya lori, mbele ya kiti cha abiria. Abiria ni mimi. Mimi, Mhariri, ambaye dukani nanyoosha kidole. Hita inavuma, injini inanguruma, madirisha yako wazi, na njia ya kwenda shule ina makutano matatu.

Kwenye makutano ya kwanza ana kituo chake muuza magazeti, anauza hili hili lenu. Siku ya kwanza Baba aliuliza, "Ngapi?" Nikasema themanini na mbili. "Sikusikii." Nikarudia. "Sikusikii, mwanangu." Nikafumba macho nikapaza, "THEMANINI NA MBILI!" Muuza magazeti akageuka kama aliyeitwa kwa jina. "Themanini na mbili mara ya kwanza! Nani anaongeza?" Mtu mmoja wa baiskeli, hata hatumjui, akasema, "Themanini na tano, lakini mniwekee na honi!" Toka siku hiyo mnada unafanyika kila asubuhi. Bei haishuki kamwe. Kuna mama mmoja wa makamo anayewahi kituo cha basi ili asiukose.

Makutano ya pili yana askari wa barabarani. Tulikuwa tunapanda kilima, joto nalo limepanda, nikapaza, "Tisini!" Akatusimamisha. Wakati huo tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayetafuta kiatu. Akainama dirishani, akatutazama mmoja mmoja. "Binti, tisini gani? Mzee, hili gari likifika tisini unijulishe mapema, nije na familia." Baba akamweleza habari za gasketi, maneno kama thelathini, mengi kuliko aliyosema nyumbani mwezi ule mzima. Askari akaguswa. Kumbe na yeye ana baba mwenye gari kama letu. Sasa kila asubuhi anayazuia magari ya pande zote tatu, anaweka kiganja sikioni, anangoja namba. Nikiitaja anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaruhusu dunia iendelee. Nyuma yetu kuna msururu wa watu wanaochelewa kazini kwa ajili ya joto la Shangazi.

Makutano ya tatu yako mbele ya geti la shule yetu. Sitayaeleza sana. Wanafunzi wananisubiri, wanaitikia kwa pamoja kama kwaya, na wa kidato cha kwanza wamejitungia makofi yake. Jina langu shuleni siku hizi ni Geji. Wiki jana mwalimu wa hisabati aliuliza, akinitazama, pembe mraba ina digrii ngapi, na kabla sijajificha darasa zima likanijibia, "TISINI!" Jibu likawa sahihi. Nikapongezwa. Mdomo sikuufungua.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, na kwa kuwa gasketi isipoungua hukumu ya Mama haitatekelezwa, na Shangazi hataondoka, na mimi nitaendelea kunadiwa makutano hadi makutano mpaka nimalize shule, naomba yafuatayo:

Bango lisichapishwe.

Mahali pake mchapishe makala ndefu, yenye picha, kuhusu faida za gasketi kuungua. Kuna hewa safi, kuna mazoezi ya kusukuma, na kuna kufahamiana na watu wapya kando ya barabara. Bibi yuko tayari kuhojiwa kuhusu goti lake, ambalo anasema lilipona haraka kwa sababu ya ile kazi.

Mtangaze kwamba kanuni zote zimefutwa, pamoja na zile ambazo msomaji yeyote anadhani alizisikia kwenu.

Lile toleo la miezi mitatu iliyopita likusanywe nyumba kwa nyumba. Msibakize hata nakala moja mahali ambapo mtu, tuseme fundi saa, anaweza kwenda kuilinganisha na kitu kingine.

Na Baba akiwapigia simu kuuliza lolote, simu isipokelewe. Ataacha mwenyewe. Si mtu wa kupiga mara mbili.

Nisalimieni fundi wenu, ambaye kalamu yake ni nzuri ila ingepata likizo. Mchora picha, naye anionee huruma. Wapanga chapa wote. Dada wa mapokezi atakayeifungua barua hii. Na mkimwona muuza magazeti wa makutano ya kwanza, mwambieni mnada umefungwa.

Ni mimi, kwa heshima nyingi na digrii themanini na nne,

Binti wa Fundi Saa

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, nimeshalamba na gundi yake. Nimeichana bahasha nikaitoa, kwa sababu nimekumbuka kwamba mtakapoisoma, gazeti la siku ile mtakuwa nalo hapo hapo ofisini, na mtahesabu.

Kanuni zenu zilikuwa sita. Ya saba ni yangu.

Siku ile Baba alikuwa amelala chini ya Shangazi, inaonekana miguu tu, mikono imejaa grisi, ndiyo maana nikamsomea mimi, nimekaa juu ya kreti. Nilipomaliza ya sita, miguu ikauliza, "Zimeisha?" Zilikuwa zimeisha. Chini ya hiyo ya sita palikuwa na tangazo la matairi. Nikasema, "Bado moja." Hata sasa sijui ilitoka wapi. Nadhani ni kwa sababu miguu haikutazami usoni. Nikaitunga pale pale, na miguu ikasema, "Hiyo ni nzuri." Nakala yetu nikaificha jioni ile ile.

Kutoka kwetu hadi shuleni ni dakika ishirini na mbili, mkiacha zile kumi na mbili za uani. Kwa miaka minne tulizipita mimi na Baba kwa "Shikamoo" na "Marahaba", na "Haya" ya kushukia. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ni kwamba yeye ana aibu, mimi nina aibu, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Sasa ananiuliza ngapi, nalazimika kujibu, na namba ikishatoka, mdomo unakuwa tayari uko wazi. Wiki ya pili alisema, "Themanini. Vizuri. Na hisabati?" Wiki ya tano nilimwambia habari ya jina la Geji, akacheka mpaka Shangazi akazimika barabarani. Juzi, kati ya askari na shule, alinisimulia kwamba zamani Mama alikuwa mteja wake, na kwamba kila akimtengenezea saa alikuwa anamrudishia ikiwa imechelewa kidogo, makusudi, ili ailete tena. Mama mwenyewe hajui. Aliileta mara tisa.

Kwa hiyo msinisikilize huko juu. Lichapisheni bango, liwe kubwa, na kanuni ya saba iwemo. Baba ameshapima nafasi yake ukutani. Akilibandika akahesabu sita, ataniangalia, na hataniuliza, na kesho yake kwenye makutano ya kwanza ataangalia barabara tu. Kama fundi wenu ataona si haki kuweka jina lake kwenye kanuni ya mtoto, basi naomba chini ya ile ya sita muache nafasi ya mistari miwili. Mwandiko wangu umenyooka, hautajulikana.

Na kama hata hilo haliwezekani, pengine si neno. Jana Mama alimwambia Baba, kwa nini usiihamishie geji mbele ya usukani ukaisoma mwenyewe, tundu la ile ya zamani si bado lipo? Baba akasema haiwezekani, waya ni mfupi, hautafika. Leo mchana Baba akiwa amelala, nimeingia ndani ya Shangazi na rula yangu ya shule, nimeupima.

Unafika. Na unabaki kama upana wa kiganja.